Mwaka mpya nyumba imejaa pilika: ulete dada wa kazi, ununue mashine, au upunguze mambo?

Ukikaa na kina mama hapa Tanga mwezi huu wa Januari 2026, iwe Ngamiani, Makorora, Mikanjuni au kule Kange, maneno ni yale yale, "mwaka huu lazima nipunguze mbio". Kina baba pia siku hizi wanasema hivyo hivyo. Sasa ukiuliza utapunguzaje, majibu yanakuja matatu tu. Mmoja anasema naleta dada wa kazi, mwingine nanunua mashine ya kufua na friza, wa tatu anasema mi kuna mambo naacha kabisa. Tatizo watu wengi wanachagua kwa kuigana, jirani kaleta dada na mimi nilete, shoga kanunua mashine na mimi nikope kikoba ninunue, miezi mitatu mbele nyumba imeongezeka mtu au kifaa na mbio ziko pale pale. Ndo maana nimeamua kuzipima hizi njia tatu kwa pamoja, na msimamo wangu nautoa mapema kabisa ili usinitafute: familia nyingi zianze na ile ya tatu, ya kupunguza, halafu ndo waangalie kama bado wanahitaji mtu au mashine. Lakini zipo familia ambazo ushauri huo hauwafai hata kidogo na nitazitaja.

Kwanza ujue kinachokuchosha ni kipi

Kazi za nyumbani hazifanani. Ipo kazi ya mikono, yaani kufua, kupiga deki, kukuna nazi, kuosha vyombo. Ipo kazi ya macho, ile ambayo lazima mtu mzima awepo tu pale hata kama hafanyi kitu, mtoto ndo anaanza kutambaa na anaelekea kwenye jiko la mkaa, au bibi mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Halafu ipo kazi ya miguu: kupeleka mtoto shule, kumfuata, kwenda Mgandini sokoni, kurudi dukani kwa sababu chumvi imesahaulika, kupeleka kitambaa kwa fundi, kukifuata, kuambiwa njoo kesho.

Na ipo kazi ya kichwa. Hii ndo inawamaliza watu na hakuna anayeiona. Kukumbuka kwamba Alhamisi mtoto anatakiwa na fulana ya michezo, Luku zimebaki uniti nne, gesi haifiki Jumapili, dawa za presha za bibi kule Muheza zinakaribia kuisha, na kikoba mwezi huu ni zamu yako kuandaa chai. Mtu anaweza kuwa amekaa kwenye kochi, mikono imetulia kabisa, na bado amechoka hoi, ukimuuliza umefanya nini leo anakosa hata cha kukutajia.

Sasa angalia. Mashine karibu zote zinabeba mikono tu. Dada wa kazi anabeba mikono na macho, na miguu kiasi. Kupunguza mambo ndo kunabeba miguu na kichwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua daftari la mtoto wiki moja, kila ukijikuta umechoka andika kilichokuchosha ni mikono, macho, miguu au kichwa. Mwambie na baba watoto naye aandike ya kwake, maana mara nyingi majibu yenu hayatalingana na hayo ndo mazungumzo yenyewe mnayotakiwa kuyafanya.

Dada wa kazi: wa kulala, wa kutwa, au kituo cha watoto

Kama kilichoandikwa zaidi kwenye daftari ni macho, acha kuhangaika na mashine, unahitaji mtu. Una mtoto chini ya miaka miwili na wote wawili mnatoka asubuhi, au mmoja wenu ni nesi anaingia zamu za usiku hospitali ya Bombo, au mnaishi na mzee anayehitaji kugeuzwa na kulishwa, hapo hakuna cha kupunguza, huwezi kupunguza mtoto. Familia hizi ndo zile nilizosema ushauri wangu hauwafai.

Dada wa kulala faida yake inajulikana, yupo alfajiri yupo usiku, ukichelewa kurudi mtoto hayuko peke yake. Gharama yake watu huwa wanahesabu mshahara tu wakati kuna chakula, sabuni, mafuta, matibabu akiumwa, nauli ya kwenda kwao Lushoto au Handeni na kurudi, na pia chumba, maana kumlaza binti wa watu sebuleni kwenye mkeka baada ya kila mtu kumaliza kuangalia tivii sio jambo la kufanya. Dada wa kutwa yeye anakuja asubuhi anaondoka jioni, humlazi wala humhesabii chakula cha usiku, nyumba yenu mnabaki nayo wenyewe jioni, ila mvua za masika zikipiga au mtoto wake akiumwa hafiki, na wewe unatakiwa kazini. Kwa familia yenye watoto wa shule tayari mimi naona wa kutwa anatosha kabisa, hata wa siku tatu kwa wiki, na kwa familia yenye kichanga wa kulala ana maana zaidi.

Njia ya katikati ni kituo cha kulelea watoto mchana, watu wanaita deikea. Kinafaa zaidi mtoto akishafika miaka miwili na kwenda mbele, anacheza na wenzie, na unalipa huduma bila kuwa mwajiri. Uliza kama kimesajiliwa ustawi wa jamii, nenda saa za katikati ya siku bila taarifa uone watoto wamelala wapi na maji ya kunywa yanatoka wapi. Ubaya wake ni miguu: lazima umpeleke na umfuate, na wakifunga saa 11 jioni na wewe bado uko kwenye daladala, roho inakuwa juu juu kila siku.

Kuhusu haki zake hapa sitanii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyokuhusu wewe ofisini kwako. Hairuhusiwi kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na hata aliyevuka hapo akiwa bado hajafika 18 haruhusiwi kupewa kazi za kumuumiza au kumkosesha shule, kwa hiyo ukitaka amani tafuta mtu mzima. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, kwa wiki apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kimebadilika kuanzia tarehe 1 Januari 2026 na kundi la wafanyakazi wa majumbani limo humo, kwa hiyo kabla hujapanga bei kichwani kaulizie kwanza ofisi ya kazi. Nyumba nyingi zinazolalamika madada hawakai, ukichunguza dada hana siku hata moja ya kwake.

Kitu watu hawakitegemei kuhusu dada wa kazi ni kwamba kazi ya kichwa inaweza ikaongezeka badala ya kupungua. Sikiliza simu za mama aliyeko kazini saa 5 asubuhi. "Anti, shikamoo, mchele uliobaki nipike wote?" Nusu saa baadae, "Anti, gesi imeisha." Mara, "Anti, mwalimu wa Yusufu anasema hajalipa hela ya mtihani." Saa 8, "Anti, samaki nimpike nazi au nimkaange?" Dada hana kosa hapo, anauliza kwa sababu hajapewa ruhusa ya kuamua. Dawa yake ni pesa ya wiki nzima anakabidhiwa Jumapili pamoja na daftari, kilichonunuliwa anaandika, orodha ya mapishi iko ukutani, na mnakubaliana simu ni za dharura tu. Usipoweza kumwachia mtu kuamua samaki apikweje, pesa ya dada utakuwa unanunua mikono huku kichwa chako kikibaki na mzigo ule ule.

Na kuna bibi. Wengi hapa Tanga watoto wanalelewa na bibi au shangazi na ni neema kubwa, mtoto anapata malezi, anapata hadithi, anapata na mtu wa kumtetea ukimfokea. Ila bibi wa miaka 65 akikimbizana na mtoto wa miaka miwili kutwa nzima naye anachoka, na kwa heshima hatakuambia. Mpe msaidizi wa kutwa wa kufua na kuosha, yeye abaki na macho.

Mashine: ipi inalipa na ipi inakaa kama pambo

Hapa sitakaa sana kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Kama daftari lako limejaa mikono, hasa kufua na kupika, na nyumbani hakuna kichanga wala mgonjwa, mashine inaweza kukutosha bila mtu. Unanunua mara moja, haiombi likizo, haiondoki baada ya Idi. Ila inataka umeme, inataka maji, na mtu wa kuitumia.

Ya kwanza kununua kwa maoni yangu ni presha kuka ya umeme. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva humo ndani ya saa moja na hayamalizi uniti moja, halafu unaondoka hapo unafanya mambo yako, hakuna kukaa unachochea mkaa wala kuchungulia kama maji yamekauka. Makande, makongoro, supu ya kuku wa kienyeji, vile vyote vilivyokuwa vinakufunga jikoni nusu siku. Blenda inafuata kwa sababu ya nazi: kukuna nazi mbili kwenye mbuzi, kuchuja tui zito na tui jepesi, ni kazi ya mtu kukaa chini kabisa na jasho linatoka, kwa blenda unakatakata nazi, unatia maji ya vuguvugu, unasaga, unachuja, chai haijapoa umemaliza. Wazee watasema tui la blenda halina ladha ile, na kwa wali wa Ijumaa labda nawaunga mkono, kwa maharage ya Jumanne hakuna atakayejua.

Mashine ya kufua, ile ya mapipa mawili, ukiwa na watoto watatu wa shule wenye mashati meupe itakuokoa. Kipindi hiki cha kaskazi jua linakausha nguo ndani ya saa chache tu kwa hiyo pipa la kukamulia utaona halina kazi, lakini subiri masika Machi mpaka Mei, sare ya shule inalala kwenye kamba siku mbili na bado mbichi, hapo ndo utajua pipa la kukamulia lina kazi gani. Maji ya bomba Tanga tunashukuru yanapatikana kuliko miji mingi, hilo linaifanya mashine iwe na maana zaidi hapa kuliko sehemu ambayo mtu anafua kwa ndoo za kununua.

Friza ndo ya kufikiria mara mbili. Inakuruhusu ununue samaki wa wiki nzima pale Deep Sea boti zinapoingia asubuhi badala ya kwenda kila siku, hilo ni punguzo kubwa la miguu. Lakini friza ndogo inayofunguliwa funguliwa kwenye joto letu hili inaweza kula kama uniti moja kwa siku, na kama uko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukivuka 75 uniti zinazozidi ni 350. Friza na mashine na presha kuka vyote mwezi mmoja, hao mmevuka, na mkivuka mara kwa mara mnaweza kuhamishwa tarifu kabisa. Kwa hiyo usinunue vyote Januari, nunua kimoja, soma Luku mwezi mzima, ndo uende kwenye kingine. Na umeme ukikatika usifungue friza, iliyojaa na ikafungwa vizuri inashika baridi mpaka saa 48, nusu yake kama haijajaa, friji ya kawaida ni kama saa 4 tu.

Nyongeza kwa wanaopenda kupika Jumapili chakula cha wiki: Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Kwa joto la Tanga la Januari mimi nawahi zaidi ya hapo, hasa vyenye nazi. Ukipika kwa wingi pika bila tui, maharage yamechemshwa, nyama imechemshwa, vitunguu na nyanya vimekaangwa, tui unaweka siku ya kula.

Kupunguza mambo: njia isiyo na risiti

Hii ndo watu wanairuka kwa sababu haina kitu cha kuonyesha. Ukileta dada watu wanaona, ukinunua mashine watu wanaona, ukiacha kitu hakuna anayekupongeza, na wengine watanuna kabisa. Lakini ndo pekee inayogusa miguu na kichwa kwa pamoja, na haitaki mtaji.

Anza na siku ya mtoto. Mtoto wa darasa la nne anayesoma shule ya mbali, gari la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo anaamshwa saa 11, nyumba nzima inawaka taa, soksi moja haionekani, huku honi inalia nje. Anarudi saa 10 jioni, anaenda madrasa, anarudi magharibi, anakula, tuisheni saa 1 mpaka 2 na nusu, homuweki, analala saa 4. Hapo kalala saa 7. Wataalamu wa usingizi wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 walisema watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji saa 9 mpaka 12. Yaani tunamlipia mtoto tuisheni akae darasani anasinzia.

Hapa kuna ulinganisho wake ndani ya ulinganisho, shule ya mbali yenye gari dhidi ya shule ya karibu. Ya mbali labda ina Kiingereza, darasa lina watoto wachache, unalipa ada na gari. Ya karibu ya serikali haina ada tangu 2016, michango ipo ila sio kama ada, madarasa yamejaa hilo ni kweli na sitalificha, lakini mtoto anaamka saa 12, anakunywa chai akiwa amekaa, anatembea na wenzie, akisahau daftari anarudi mbio kulichukua. Kama tofauti ya ufundishaji ni kubwa kweli na mnaimudu, baki na ya mbali halafu ukate tuisheni. Kama mnailipa kwa mikopo na mtoto analala saa 7, mimi nahamisha, ile pesa ya gari namlipa mwalimu mmoja wa kumsaidia Jumamosi asubuhi. Madrasa sikati. Ila naongea na ustadhi, wengi wanakubali mtoto aje siku nne badala ya tano, au aje Jumamosi na Jumapili muda mrefu kidogo, ukimfuata kwa adabu hakatai.

Na Tanga tuna kitu ambacho miji mingine wanakitamani, baiskeli. Mji wetu tambarare, watu wazima wanaendesha, kina mama wanaendesha na baibui zao, hakuna anayekushangaa. Mtoto wa darasa la sita anayeishi Chumbageni au Mabawa na shule iko kilomita mbili tatu akipewa baiskeli nzima yenye breki, safari mbili za kila siku za mzazi zimefutika. Linganisha na bodaboda ya mwezi, watoto watatu mshikaki juu ya pikipiki moja bila kofia, kila asubuhi moyo unadunda mpaka wafike. Kwa watoto wa kupita barabara ya Pongwe yenye malori ya saruji sishauri baiskeli, hao wapande daladala na mkubwa wao.

Halafu shughuli. Hapa ndo pagumu, maana Tanga bila shughuli sio Tanga. Harusi, singo, kichen pati, arobaini ya mtoto, maulidi, na kila moja ina kadi ya mchango, kikao, sare na grupu lake la WhatsApp. Sasa hivi ndo kipindi chake, watu wanakimbizana kumaliza harusi kabla ya mfungo, Ramadhani ya 2026 inaingia kati ya Februari. Nilivyoona inafanya kazi ni kutenganisha msiba na sherehe. Msiba huhesabu, unakwenda, unaosha vyombo, unalala matanga inapobidi, hapo ndo ujirani ulipo na siku moja itakuwa zamu yako. Sherehe mnakaa chini wewe na baba watoto, mnapanga kiasi cha mwaka mzima cha michango, mnagawa: ndugu wa damu na jirani wa ukuta mmoja mnachanga kamili na kuhudhuria, wengine mnatuma kidogo mapema na hamvai sare. Neno la kusema ni fupi na unalitamka kwa upole, "Shoga yangu, nimepokea kadi, Mungu ajaalie, mimi mwaka huu naleta hiki kidogo na sare sitaweza." Hujaeleza sababu, hujadanganya una mgonjwa, na mtu mwenye heshima yake atalipokea. Atakayenuna atanuna wiki mbili. Vikoba pia, vitatu ni vikao vitatu na madeni matatu, chagua kimoja chenye katiba na hesabu wazi.

Jikoni punguza maamuzi. Mapishi saba, kila siku lake, yanajirudia wiki mpaka wiki: Jumatatu maharage na ugali, Jumanne dagaa wa nazi na bada, yaani ugali wa muhogo, Ijumaa wali na samaki, hivyo hivyo. Watoto hawachoki kama unavyodhani, wanapenda kujua leo kuna nini. Chai ya asubuhi siku za shule nunua vitumbua au mihogo kwa mama wa jirani, sioni faida ya kuamka saa 10 usiku kukanda maandazi ya watu watano wakati yule mama amekanda ya mtaa mzima na ndo riziki yake. Maandazi yako yabaki ya Jumapili.

Na kazi ya kichwa igawiwe yenyewe kama kazi. "Nisaidie" haitoshi, maana anayesaidia anasubiri kuambiwa. Baba awe na vyake moja kwa moja, Luku na gesi na ada, toka kukumbuka mpaka kulipa, umeme ukikatika saa 2 usiku anayeulizwa ni yeye. Mtoto wa miaka 12 awe na mabegi na soksi za wadogo zake, vimewekwa mlangoni usiku. Karatasi moja ukutani jikoni yenye siku saba inashinda programu za kwenye simu, kwa sababu simu iko kwa mama na karatasi inaonwa na kila mtu, hata dada, hata bibi.

Sasa wewe uchague ipi

Mama na baba wote kazini, mtoto chini ya miaka miwili: mtu kwanza, wa kulala kama mna chumba, na ukipata bibi aliye tayari basi bibi na wa kutwa. Kupunguza fanyeni pia ila sio badala yake.

Watoto wote wako shule, wazazi wanarudi jioni: punguza kwanza kwa mwezi mzima, halafu kama mikono bado inauma nunua presha kuka au mashine ya kufua, au dada wa kutwa wa siku tatu. Ukitaka kulinganisha pesa, zidisha anacholipwa wa kutwa kwa miezi 12 uweke pembeni ya bei ya mashine, mashine itaonekana rahisi, lakini kumbuka haisafishi nyumba wala haipokei mtoto akitoka shule.

Mzazi mmoja analea peke yake, mfuko mdogo: kupunguza ndo njia yako, na ongeza kubadilishana na jirani, yeye anachukua watoto wote kutoka shule Jumatatu na Jumatano, wewe Jumanne na Alhamisi. Haigharimu kitu na miguu inapungua nusu.

Familia yenye mgonjwa au mzee asiyejiweza: mtu, na awe mtu mzima aliyeonyeshwa namna ya kumgeuza na kumlisha, hata kama hapo itabidi mashine isubiri mwaka ujao.

Kuhusu muda, kama uamuzi wako ni kuleta dada, mlete sasa hivi Januari, azoee nyumba kabla ratiba haijageuka kuwa futari na daku, kumleta siku mbili kabla ya mfungo ni kumtesa yeye na wewe. Kama ni kupunguza, tangaza kwenye magrupu ya michango kabla kadi za kuvunja jungu hazijaanza kugawiwa. Mashine inaweza kungoja. Idi ya Fitri inaangukia karibu tarehe 20 Machi, madada wengi wataomba kwenda kwao na masika itakuwa imeshaanza kunyesha, toa lile daftari tena wiki ya baada ya Idi muandike upya wote wawili, mikono, macho, miguu, kichwa, na hapo ndo mjue pesa ya mashine itoke au ibaki kwenye kikoba.